Je, Wajua? Mwanafizikia Aliyelipa Bomu Kisogo

Mwaka 1952 Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani ilimtunuku nishani ya Walcott profesa mmoja aliyekuwa akifundisha fizikia mjini Baltimore. Nishani hiyo haihusiani na fizikia hata kidogo. Hutolewa kwa wale waliochimba na kueleza mabaki ya viumbe wa mwanzo mwanzo kabisa duniani. Aliyeipokea mwaka huo, Franco Rasetti, alikuwa Mwitalia aliyejulikana kwa jambo jingine kabisa: katika miaka ya 1930 alikuwa msaidizi wa karibu wa Enrico Fermi mjini Roma, wakati siri za kiini cha atomu zilipoanza kufunuka.

Fermi anajulikana na kila mwanafunzi wa sekondari anayesoma sayansi. Rasetti hatajwi sana, na hilo linanisikitisha. Aliyoyafanya yanatosha kujaza maisha ya wataalamu watatu, na alilokataa kulifanya mwaka 1943 ni la kukumbukwa zaidi ya yote hayo.

Alianza na wadudu

Je, wajua kwamba Rasetti alikuwa mjuzi wa mbawakawa kabla hajajua fizikia ni nini? Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1901 katika kijiji cha Pozzuolo Umbro, karibu na Ziwa Trasimeno, katikati ya Italia. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kilimo. Mtoto akiwa bado mdogo alishika tabia ya kukusanya wadudu, kuwachoma pini, kuwapanga na kuwaandikia majina.

Anayedhani huo ni mchezo wa kitoto afikirie ukubwa wa kazi yenyewe. Mbawakawa ndilo kundi kubwa kuliko yote ya wanyama wanaojulikana, na aina zilizokwisha kupewa majina zinazidi 350,000. Aina mbili huweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa umbo la vipingili vya vipapasio au vidoti vilivyochongeka kwenye bawa gumu la juu. Mtoto anayezoea kutafuta tofauti hizo hujifunza kutazama bila haraka na kukumbuka alichokiona. Rasetti alikua na jicho la namna hiyo, na katika kila kazi aliyoigusa baadaye ndilo lililombeba.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1918 alikusudia kuwa mhandisi. Huko akakutana na kijana aliyekuwa mdogo wake kwa wiki saba tu, Enrico Fermi, ambaye tayari alikuwa anajua fizikia mpya kuliko walimu wake. Urafiki huo ukamvuta Rasetti kutoka uhandisi hadi fizikia, na wote wawili wakahitimu mwaka 1922. Siku za mapumziko walipanda milima ya Apuane iliyo kaskazini mwa Pisa, ambako huchimbwa marumaru ya Carrara. Siku nyingine walikuwa wakorofi wa kupindukia. Pamoja na marafiki walianzisha chama cha siri cha kuwasumbua jirani zao: ndoo za maji juu ya milango, makufuli yaliyofungwa pasipostahili, na siku moja bomu la uvundo darasani ambalo nusura liwafukuzishe chuo.

Mijusi ya Arcetri

Je, wajua kwamba mojawapo ya kanuni kubwa za fizikia ya karne ya 20 ilifikiriwa na mtu aliyelala kifudifudi kwenye majani akivizia mijusi?

Kati ya mwaka 1924 na 1926 Rasetti na Fermi walifanya kazi Florence. Maabara ya fizikia ilikuwa Arcetri, kilima kilekile ambako Galileo aliishi miaka yake ya mwisho. Laura Fermi, mke wa Enrico, ameeleza jinsi vijana hao walivyowinda mijusi kafiri. Rasetti, fundi wa mikono kama alivyokuwa, alitengeneza kijiti cha kioo chenye kitanzi cha uzi wa hariri kwenye ncha. Walilala kwenye nyasi, wakasubiri mjusi atokeze, kisha wakamtia kitanzini taratibu. Mateka waliachiliwa ndani ya chumba cha kulia ili kuwatisha wasichana waliokuwa wakiandaa chakula.

Katika kungoja huko, asema Laura, akili ya Fermi ilikuwa inazunguka tatizo la gesi ambayo chembe zake mbili haziwezi kukaa katika hali moja. Jawabu alilolichapisha mwaka 1926 leo linabeba jina lake na la Mwingereza Dirac, na bila hilo hatuwezi kueleza jinsi umeme unavyopita katika nyaya za shaba wala jinsi kompyuta inavyofanya kazi. Rasetti, inavyoelekea, alikuwa anafikiria mijusi, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Mistari ya naitrojeni

Hapa tukae kidogo, maana hii ndiyo kazi ya Rasetti ninayoipenda kuliko zote katika fizikia, na watu wengi hawaijui.

Mwaka 1928 Mhindi Chandrasekhara Venkata Raman alitangaza kwamba mwanga ukipiga kimiminika, sehemu ndogo mno hurudi ikiwa imebadilika rangi. Sababu ni kwamba molekuli huzunguka na kutetema, na katika kupigwa na mwanga huchukua au kuongeza nishati kidogo. Mwaka huohuo Rasetti alikwenda Pasadena, California, katika taasisi iliyoongozwa na Robert Millikan. Akaamua kufanya jambo gumu zaidi: kuona badiliko hilohilo katika gesi. Katika gesi molekuli ni chache, na mwanga unaorudi ni hafifu kiasi cha kukatisha tamaa.

Ujanja wake ulikuwa huu. Badala ya mwanga wa kawaida alitumia mionzi ya urujuanimno ya taa ya zebaki, mstari mmoja mkali ambao jicho halioni. Mionzi ya urefu mfupi hutawanyika zaidi, kwa hiyo ishara huongezeka. Tatizo lilikuwa kwamba mstari wenyewe ungefunika bamba la picha kwa weusi na kumeza kila kitu kilicho kando yake. Rasetti akaweka njiani mvuke wa zebaki. Mvuke huo hufyonza mstari uleule unaotolewa na zebaki na kuacha mingine ipite, hivyo mwanga uliobadilika ulifika kwenye bamba ukiwa peke yake. Kisha akaacha bamba lipokee mwanga kwa saa nyingi mfululizo.

Alipolisafisha bamba la naitrojeni aliona ngazi ya mistari myembamba: mmoja mweusi sana, unaofuata mwepesi, mweusi tena, mwepesi tena. Mpangilio huo wa kupishana hutokana na viini viwili vya naitrojeni vilivyomo katika molekuli moja. Mistari ipi iwe na nguvu na ipi iwe dhaifu hutegemea kama idadi ya chembe ndani ya kiini ni shufwa au witiri.

Wakati huo wanasayansi waliamini kwamba kiini kimejengwa kwa protoni na elektroni tu. Kwa hesabu hiyo kiini cha naitrojeni kilipaswa kuwa na protoni 14 na elektroni 7, jumla chembe 21, yaani witiri. Mistari ya Rasetti ilisema shufwa. Walter Heitler na Gerhard Herzberg waliona mara moja maana yake wakaiandika mwaka 1929: picha ya kiini iliyokubaliwa na wote ina kasoro. Miaka mitatu baadaye James Chadwick akaigundua nyutroni huko Cambridge, na hesabu ikakaa sawa, kwa kuwa kiini cha naitrojeni kina protoni 7 na nyutroni 7, jumla 14.

Hivyo bamba moja la kioo lilidokeza kwamba ndani ya kiini hakuna elektroni, kabla yeyote hajajua kilichomo badala yake. Aliyelisoma bamba hilo alikuwa mtu aliyezoea kuhesabu vidoti kwenye mabawa ya mbawakawa.

Baba Mtakatifu na Kadinali wake

Je, wajua kwamba kundi la wanafizikia wa Roma lilikuwa na vyeo vya kanisa? Fermi, ambaye hakukosea, aliitwa Papa. Rasetti, aliyekuwa wa pili wake, alikuwa Kadinali wa kumwakilisha. Orso Mario Corbino, mkuu wa taasisi na seneta aliyewatafutia kazi na fedha, alikuwa Baba wa Milele. Ettore Majorana, aliyewabana wote kwa maswali, alikuwa Mdadisi Mkuu wa Baraza la Imani, na Giulio Cesare Trabacchi, aliyewapatia vifaa na radiamu kutoka ofisi ya afya ya serikali iliyokuwa kwenye jengo lilelile, aliitwa Majaliwa ya Mungu.

Jengo lilikuwa katika mtaa wa Via Panisperna, na ndiyo sababu Waitalia huwaita Vijana wa Via Panisperna. Rasetti na Fermi waliongea polepole, kwa sauti nzito yenye mkazo wa namna yake, na wenzao wote wakaambukizwa. Laura Fermi anasimulia kwamba siku moja abiria mmoja kwenye treni alimuuliza kijana asiyemfahamu kama yeye ni mwanafizikia wa Roma, kwa kumsikia tu anavyozungumza.

Rasetti ndiye aliyekuwa mkono wa vitendo. Alipoona kwamba fizikia ya viini inakuja juu, alikwenda Berlin mwaka 1931 kujifunza kwa Lise Meitner namna ya kuandaa vyanzo vya mionzi na kujenga vyombo vya kuitazama. Jina la mama huyo litarudi baadaye.

Samaki wa seneta

Mwezi Machi 1934 Fermi alianza kupiga elementi moja baada ya nyingine kwa nyutroni ili kuona zipi zitageuka kuwa na mionzi. Rasetti alikuwa ametoka kwenda mapumzikoni Morocco. Fermi akampelekea simu ya maandishi arudi haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Baadhi ya elementi zilizopigwa zilipoteza mionzi yake katika muda usiofika dakika moja, na vyombo vya kupimia vilibidi viwe mbali na chanzo cha nyutroni visije vikavurugwa. Hivyo maprofesa wa Chuo Kikuu cha Roma walikuwa wakitoka mbio na vipande vya metali kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine.

Masika ikapita. Ilipofika Oktoba waliona jambo la ajabu: fedha iliyopigwa juu ya meza ya mbao ilipata mionzi mingi kuliko ile iliyopigwa juu ya meza ya marumaru. Asubuhi moja Fermi, badala ya kuweka kipande cha risasi kati ya chanzo na fedha kama alivyokusudia, aliweka nta ya parafini. Vihesabio vikalia kwa wingi usio wa kawaida. Kabla ya jioni alikuwa na maelezo: nta, kama mbao, imejaa haidrojeni, nyutroni ikigonga kiini chepesi kinachokaribia uzito wake hupunguza mwendo, na ikienda polepole hunaswa kirahisi zaidi. Maji nayo yana haidrojeni tele. Inasimuliwa kwamba walitoka na vyombo vyao hadi kwenye kisima cha bustani ya Corbino, chenye samaki wa dhahabu, wakajaribu, na maji yakafanya vilevile.

Usiku huo waliandika taarifa nyumbani kwa Edoardo Amaldi, mmoja wa vijana hao. Fermi alisoma kwa sauti, wengine wakapinga, wakasahihisha, wakapiga kelele, huku Ginestra, mke wa Amaldi, akipiga chapa. Walipoondoka mtumishi wa nyumba aliuliza kama wageni walikuwa wamelewa. Jina la Rasetti limo kati ya watano waliotia saini. Siku chache baadaye wakaomba hataza ya njia hiyo, na leo tanuri nyingi za nyuklia zinazozalisha umeme duniani hutegemea nyutroni zilizopunguzwa mwendo kwa njia waliyoigundua.

Na je, wajua kwamba karatasi nyembamba ya alumini huenda ilibadilisha mkondo wa historia? Walipopiga urani, vijana wa Roma walidhani wametengeneza elementi mpya nzito kuliko zote. Kumbe kiini cha urani kilikuwa kinapasuka vipande viwili mbele yao. Waliifunika urani kwa karatasi ya alumini ili kuzuia mionzi yake ya kawaida isiwachanganye, na karatasi hiyohiyo ilizuia vipande vilivyopasuka visifike kwenye chombo. Jambo hilo likabaki limefichika hadi mwisho wa mwaka 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipolibaini Berlin, na Lise Meitner akiwa ukimbizini Sweden akalieleza pamoja na mpwa wake Otto Frisch. Ukifikiri nani angekuwa wa kwanza kutumia ujuzi huo kama ungepatikana mwaka 1934, Hitler akiwa madarakani na Mussolini akijiandaa kuivamia Uhabeshi, unashukuru kwa karatasi hiyo.

Quebec

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Emilio Segrè, mwenzao wa Via Panisperna, alifukuzwa kazi. Bruno Pontecorvo, mwingine wa kundi hilo, alikuwa tayari Paris na hangeweza kurudi. Fermi, ambaye mkewe alikuwa Myahudi, alikwenda Stockholm kupokea tuzo ya Nobel mwezi Desemba akaendelea hadi Marekani bila kurudi nyumbani. Majorana alikuwa ametoweka tangu Machi mwaka huo, na hadi leo watu wanabishana kuhusu alikokwenda.

Rasetti hakuwa Myahudi. Angeweza kubaki na kiti chake cha uprofesa, na katika Italia ya wakati ule wengi waliokuwa na nafasi kama yake walinyamaza wakabaki. Yeye aliondoka mwaka 1939 kwa sababu hakutaka kuishi chini ya ufashisti, akaenda Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, Kanada, kuanzisha idara ya fizikia. Kati ya wanafizikia vijana wa kundi hilo ni Amaldi peke yake aliyebaki Roma, na ndiye aliyekuja kuinua upya fizikia ya Italia baada ya vita.

Quebec hakukuwa na mashine kubwa. Rasetti akageukia mionzi inayoshuka bure kutoka angani. Ndani yake mna chembe ambayo siku hizo iliitwa mesotroni na leo huitwa muoni. Ilijulikana kwamba inakufa upesi, lakini hakuna aliyekuwa amepima moja kwa moja, ikiwa imesimama, inaishi muda gani. Rasetti alipanga vihesabio juu na chini ya kizuizi cha metali: kimoja kilie muoni inapoingia, kingine kilie elektroni inapotoka muoni inapokufa, kisha saketi ipime muda kati ya milio hiyo miwili. Mwaka 1941 alichapisha jibu: kama sehemu 1.5 za milioni za sekunde, huku akikiri kwamba anaweza kukosea kwa sehemu 0.3. Kipimo cha leo ni 2.2. Kwa mtu aliyejitengenezea saketi zake katika idara changa, wakati wa vita, hiyo ni kazi ya kuvulia kofia. Aliona pia kwamba karibu nusu tu ya muoni zilizosimama ndizo zilizotoa elektroni. Fumbo la nusu nyingine lilitatuliwa mwaka 1947 na vijana watatu wa Roma, Conversi, Pancini na Piccioni, waliofanya sehemu ya majaribio yao wakati wa vita ndani ya shule moja karibu na Vatikani, baada ya mabomu kuanguka jirani na chuo.

Aliyesema hapana

Mwaka 1943 timu ya Waingereza na Wakanada ilifungua maabara Montreal, kilomita takriban 250 kutoka Quebec. Kazi yake ilikuwa nishati ya nyuklia, na kila mwenye akili timamu alijua njia hiyo inaelekea wapi. Walimtaka Rasetti. Duniani kote watu waliokuwa na uzoefu wake wa nyutroni walihesabika, na yeye alikuwa mlangoni pao.

Alikataa.

Tusilifanye jambo hili kuwa jepesi. Vita ilikuwa kali. Hitler alikuwa bado anashikilia sehemu kubwa ya Ulaya. Rasetti alikuwa ameikimbia serikali ya kifashisti na hakuwa na huruma nayo. Marafiki zake wote wa Roma waliokuwa ng'ambo walikwisha kukubali: Fermi alikuwa amewasha tanuri ya kwanza ya nyuklia Chicago tarehe 2 Desemba 1942, Segrè alikwenda Los Alamos, maabara ya Marekani ya kutengeneza bomu, na Pontecorvo alijiunga na Montreal hiyohiyo. Watu hao hawakuwa waovu. Waliogopa kwamba Wajerumani wangetangulia, na hofu hiyo ilikuwa na msingi.

Rasetti aliona vingine. Aliamini kwamba hakuna jema litakalotokana na silaha ya kuangamiza kubwa kuliko zote zilizotangulia, hata ikishikwa na upande ulio na haki. Hakulipigia tarumbeta. Hakuandika gazetini wala hakuongoza maandamano. Alisema hapana, akarudi kwa wanafunzi wake. Baadaye, baada ya Hiroshima na Nagasaki, aliandika kwamba katika maisha yake ni maamuzi machache ambayo hayakumpa sababu ya kujuta kama uamuzi huo. Katika barua ya mwaka 1946 kwa rafiki yake Enrico Persico alieleza kinyaa alichokipata kwa matumizi mapya ya fizikia, na kwamba anafikiria kuiacha kabisa ashughulike na miamba na viumbe.

Waliokataa mapema walikuwa wachache mno. Lise Meitner, mwalimu wake wa Berlin, alikuwa mmoja wao: aliombwa na Waingereza akakataa katakata, ingawa alikuwa Myahudi wa kuzaliwa aliyetimuliwa na Wanazi. Mwanafizikia Joseph Rotblat aliondoka Los Alamos mwishoni mwa mwaka 1944, ilipodhihirika kwamba Wajerumani hawana bomu. Mtu akiniuliza nani alikuwa sahihi mwaka 1943, Fermi au Rasetti, nitamjibu bila kusita kwamba namheshimu Fermi na nasimama na Rasetti. Hofu ya Wajerumani iliisha Mei 1945, na bomu likaangushwa Agosti juu ya watu wengine.

Mawe ya Lévis

Ng'ambo ya mto St. Lawrence, ukitazamana na mji wa Quebec, kuna mji wa Lévis. Mawe yake yana kitu kigeni: ndani ya mwamba mmoja wa kijivu mmekwama mawe mengi ya chokaa, makubwa kwa madogo, kana kwamba mtu ameyamwaga kwenye matope kabla hayajaganda. Ndivyo ilivyokuwa. Ukingo wa bahari ya kale ulibomoka, vipande vyake vikaporomoka hadi kilindini, vikazikwa kwenye matope. Kwa hiyo kila jiwe lilitoka mahali pake na lina umri wake, mkubwa kuliko mwamba ulioligubika.

Rasetti alianza kutembea huko na nyundo, na ndani ya mawe yale akakuta trilobiti.

Trilobiti ni wanyama wa baharini waliotoweka, jamaa wa mbali wa kaa na wadudu, wenye gamba lililogawanyika kwa urefu sehemu tatu. Waliishi duniani kwa karibu miaka milioni 270, wakaisha kabla ya dinosau wa kwanza. Walikua kwa kujivua gamba, na gamba lilipovuliwa lilikatika: mashavu huku, kipande cha katikati cha kichwa kule, mkia kwingine. Mchimbaji hukuta vipande hivyo vimechanganyika, vingi vidogo kuliko punje ya mpunga, vya aina kadhaa katika jiwe moja. Lazima aamue kichwa kipi ni cha mkia upi. Lakini kwa kuwa aina zilibadilika haraka, kila aina ni muhuri wa kipindi chake. Anayejua trilobiti anajua umri wa jiwe.

Kwa jicho lililolelewa na mbawakawa, kazi ilikuwa imempata mwenyewe. Mwaka 1944 alichapisha katika jarida la wataalamu wa visukuku taarifa juu ya trilobiti wa Lévis wa enzi ya Kambri, na nyingine zikafuata mwaka baada ya mwaka. Hakuwa na cheti cha jiolojia. Wanajiolojia waliisoma kazi yake, wakaona imetimia, wakampokea.

Mwaka 1947 alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, na rafiki yake Persico akamrithi Laval. Huko aliendelea kufundisha fizikia, na likizo akapanda milima ya magharibi ya Kanada, katika British Columbia na Alberta, kupima matabaka ya miamba moja baada ya jingine na kuvunja mawe. Ujana wake wa milimani ulimfaa, maana visukuku vingi viko juu ambako farasi hafiki. Ripoti yake ya mwaka 1951 kuhusu Kambri ya kati katika milima hiyo ilichapishwa na taasisi ya Smithsonian ya Washington, na mwaka uliofuata ndipo ikaja nishani ya Walcott, iliyopewa jina la mtu aliyechimba miamba hiyohiyo miaka 40 kabla yake. Baadaye Rasetti alichunguza Kambri ya jimbo la New York, kisha ya kisiwa cha Sardinia, nyumbani Italia.

Maua, mwisho

Alistaafu Johns Hopkins mwaka 1967, akarudi Italia, kisha akahamia Waremme, mji mdogo wa Ubelgiji, nchi ya mkewe. Uzee haukumtuliza. Alikuwa ameshika kamera na kupanda Alpi kutafuta maua, akiyapiga picha pale pale yalipoota na kuyatambua moja moja. Mwaka 1980, akikaribia miaka 79, Accademia dei Lincei ilichapisha kitabu chake kikubwa I fiori delle Alpi, yaani Maua ya Alpi, na wapenzi wa mimea Italia wanakithamini hadi leo. Alifariki Waremme tarehe 5 Desemba 2001, akiwa na umri wa miaka 100.

Sehemu kubwa ya trilobiti wake wa milima ya Kanada imo katika makumbusho ya Smithsonian. Humo mna vielelezo vya aina alizozipa majina yeye, kama Fieldaspis, kutoka mji wa Field, na Stephenaspis, kutoka Mlima Stephen unaouelekea mji huo. Stephenaspis pamoja na Wenkchemnia, jina jingine alilolitoa yeye, vilitumiwa na wanajiolojia kuutaja ukanda mzima wa umri katika miamba hiyo. Mtafiti anayeokota kichwa cha trilobiti milimani huko leo, akitaka kujua jiwe lake ni la lini, bado anaweza kurejea ripoti ya Rasetti.